Fungua Mdomo, Baba Sharon

Katika soko la mifugo la Isiolo, hakuna aliyejua mdomo wa mbuzi kama dalali Ekidor. Alimshika mnyama taya, akamfunua kwa kidole gumba, na kabla hujapiga chafya ameshakwambia: huyu ana meno mawili, huyu ni mzee, mwenyewe anakudanganya umri. Na sauti ya kutangaza bei alikuwa nayo, wacha tu!

Lakini mganga hajigangi. Mdomo wa Ekidor mwenyewe ulikuwa umefungwa wiki ya tatu sasa. Ulimi ulivaa utando mweupe, fizi zilitoa damu akizigusa na mswaki, hata chai ilimchoma. Akiulizwa bei, anaonyesha vidole. Mkewe Natabo alimpikia uji, akampikia supu, akamwambia, "Twende kliniki, Baba Sharon." Yeye akageukia ukuta.

Aliogopa, tena vibaya sana. Yeye na Natabo walikuwa wameishi na virusi vya Ukimwi miaka tisa, wakimeza dawa zao, na afya walikuwa nayo. Ila Ekidor alimkumbuka kaka yake, zamani kabla dawa hazijafika: mdomo uligeuka mweupe hivi hivi, na kabla msimu wa mvua haujaisha walikuwa wameshamzika. Basi akajua dawa zimemshinda. Mungu wangu, mtu huyo alishachagua hata beberu wa kuchinjwa matangani! Jambo moja tu hakumwambia mkewe: kila alipokwenda Sericho kununua mbuzi, dawa aliziacha nyumbani, siku kumi, siku kumi na tano, asije mwenzake wa biashara, Golicha, akamwona akimeza.

Siku moja ya soko Natabo alimpelekea uji. Akamkuta na mama mmoja wa mtaa wa Wabera, Bisharo, kamba ya mbuzi mkononi na machozi karibu.

"Salaam aleikum, dalali. Niuzie huyu kwa bucha, bei yoyote. Mdomo umeoza, hali kitu, anakufa."

Ekidor akamfunua mbuzi. Vidonda pembeni, fizi zimevimba. Hapo akasahau maumivu yake yote, akafoka:

"Nani amekwambia anakufa? Huu ni mdomo tu, mama! Mpeleke kwa daktari wa mifugo, mpe majani laini. Wiki mbili tu utamkuta anatafuna hiyo kamba. Mnakimbilia kisu kabla ya kuuliza dawa, nyinyi watu vipi?"

Bisharo akacheka kwa furaha, akamvuta mbuzi wake akaenda. Natabo hakucheka. Aliweka chupa ya uji chini, akamshika mumewe taya, kidole gumba juu ya mdomo.

"Fungua."

"Mama Sharon, watu wanaona."

"Na waone! Mbuzi hakuona haya, wewe unaona ya nini?"

Ekidor akafungua. Natabo alichungulia ulimi na fizi, kisha akasema, "Huu ni mdomo tu, baba. Wewe mwenyewe umesema."

Mchana huo huo walikuwa kliniki. Daktari wa meno, Racho, alimsafisha fizi, akampa dawa ya ule utando, akamwambia apunguze kutafuna miraa kwa sababu inakausha mdomo. Kisha akauliza, "Na vidonge vyako vya kila siku, unavimezaje?" Ekidor akamtazama mkewe, akasema ukweli wote.

"Kumbe ulimwogopa Golicha kuliko kaburi!" Natabo akapiga kelele, akampiga begani, halafu akamshika mkono.

"Dawa hazijakushinda," Racho akasema. "Wewe ndiye uliyezikimbia." Akamtuma chumba cha pili akatolewe damu ya kupimwa na kuanza dawa upya.

Wiki sita baadaye Ekidor na Golicha walikuwa Sericho, chai ya maziwa ya ngamia mbele yao. Saa mbili asubuhi ilipofika, Ekidor akatoa kopo la dawa mfukoni, akameza.

"Za nini hizo?" Golicha akauliza.

"Za virusi. Nimekuficha miaka tisa, na kukuficha kulikaribia kuniua."

Golicha akaweka kikombe chini. Kisha akanyoosha mkono, akamshika Ekidor taya, akamfunua midomo kwa kidole gumba, akamkagua huku na huku.

"Meno yote yapo," akasema. "Huyu siuzi." Akammiminia chai nyingine.