Kokwa za Eda

Akili za Bi Rahila zilikuwa zikimtoka, naye alijua, na hilo ndilo lililomtisha. Mumewe, Makungu, alifariki siku ya tatu ya Mfunguo Mosi, sikukuu ya Idi baada ya Ramadhani haijesha, naye akaingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya fleti yao Michenzani, ghorofa ya nne. Kila asubuhi alikula tende moja na kuitia kokwa yake koponi, asipoteze hesabu. Siku zikitimia, wifi yake Mwanakheir angekuja kutoka Bububu kumtoa eda.

"Wallahi ntakuja," aliapa Mwanakheir. "Wewe hesabu tu."

Akahesabu. Lakini nani ana hamu ya kujipikia peke yake? Ikawa chai na mkate wa boflo asubuhi, chai na boflo jioni, mchana kulala. Usiku usingizi ukamhama. Sura ya Yasini aliyoihifadhi tangu utotoni ikawa inamkatikia katikati, na kokwa, leo katia, kesho hakumbuki. Siku aliyosahau jiko likiwaka mpaka sufuria ikaungua, alikwenda hospitali. Eda haimzuii mgonjwa.

Daktari Radhiya, umri wa binti wa Bi Rahila aliyeolewa Maskati, alimpima kisha akamuuliza anakula nini. Alipojibiwa, aliweka kalamu chini.

"Vipimo havina neno, Bi Rahila. Una huzuni, una njaa, na umeganda. Ubongo nao unataka samaki, mboga, kunde, na damu itembee."

"Nimo edani, mwanangu."

"Basi tembea humo humo ndani."

Akatembea, jikoni mpaka ukumbini, mara arubaini kila asubuhi, akizionea haya kuta. Alishusha kikapu kwa kamba dirishani kwa wachuuzi wapitao chini, kikapanda na dagaa na mchicha. Wiki ya kwanza alipata maumivu ya miguu tu. Ya tatu, alilala mpaka alfajiri. Ya sita, Yasini ilikwenda mpaka mwisho bila kukwama. Alilia kwa furaha, akageuka amwambie mtu. Palikuwa na kochi tu.

Alasiri moja dufu zikasikika chini, wanawake wanasoma Maulidi. Bi Rahila akasimama katikati ya njia yake. Maulidi ya Mtume ni Mfunguo Sita. Eda yake ilikwisha tarehe kumi na tatu Mfunguo Tano!

Alizimwaga kokwa, akazihesabu. Mia na tisa. Haya, yeye alisahau kwa sababu ya ugonjwa. Mwanakheir je, naye alikuwa akila boflo? Akili zilimrudia, na habari ya kwanza ziliyomletea ni kwamba amesahauliwa. Iliuma kuliko siku ya maziko.

Alioga peke yake na kuvua nguo za eda peke yake, kazi ambayo tangu dunia iwe dunia hufanywa na mawifi. Kisha akafungua mlango.

Ghorofa ya pili alikutana na jirani yake Sichana, amebeba ndoo.

"Bi Rahila! Kumbe upo? Sie tukijua ushakwenda zako Maskati!"

"Nipo," alisema.

Akaendelea kushuka, akizihesabu ngazi moja moja, na safari hii hakupotewa hata na moja.