Namba Aliyoambiwa Baba

Mdogo wangu Levente ana kichwa kizuri na mdomo mwepesi, na siku ile mdomo ndio uliotangulia. Mashine yake ya kompyuta ilipomaliza kupima namba moja, yenye tarakimu za kujaza rafu nzima ya vitabu, alikimbia moja kwa moja hospitalini kumwambia baba kwamba ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Sisi wawindaji wa tasa tuna mwiko: hutangazi mpaka mashine nyingine, kwa programu nyingine, ikubali. Lakini baba alikuwa anaisha, na maisha yake yote alisaka tasa moja kubwa ya kwake asiipate. Aliposikia alilia, kisha akaomba supu.

Basi tukakaa jikoni kwangu, hapa Debrecen, tukisubiri rafiki yetu wa Szeged ahakiki. Levente alikuwa akifikicha mkate bila kuula.

"Kwani ulipima kwa namba gani?" nikamuuliza, ili tu tuongee. Kipimo chetu hakigawanyi: huchukua namba ndogo ya kuanzia, huipitisha kwenye hesabu ndefu pamoja na ile kubwa, na kubwa ikifeli basi si tasa.

"Mbili. Si ndiyo nyepesi kwa mashine?"

Nikaweka kikombe chini. "Levente. Namba yenyewe ni mbili umeizidisha kwa mbili mara kibao, ukatoa moja."

"Ee, halafu?"

"Halafu za aina hiyo, zote tunazopima, kwa mbili zinafaulu tu, ziwe tasa zisiwe tasa. Umemuuliza mama wa mwizi kama mwanawe ni mwizi, mjinga wewe."

Akajishika kichwa. Papo hapo simu ikalia. Rafiki yetu wa Szeged alikuwa amepima kwa tatu, namba ikafeli. Namba ile inagawanyika.

"Dada Piroska, usimwambie. Nakuomba. Amekula jana."

Ndani ya tramu ya kwenda hospitalini niliogopa kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Tulimkuta baba ameegemea mito, amenyolewa ndevu.

"Wamehakiki?"

"Ndiyo, baba," akasema Levente. "Ni tasa."

"Kwa namba gani?"

Levente akainama kufunga kamba za viatu. Baba akanigeukia mimi, ambaye tangu utoto nimebishana naye kila hesabu mezani.

"Piroska?"

"Kwa tatu, baba. Imefaulu vizuri. Hongera sana." Nikamvutia blanketi kidogo lifunike mabega.

Akanitazama usoni.

"Hujawahi kunijibu kwa upole namna hii tangu uzaliwe," akasema. "Kwa hiyo inagawanyika."

Hatukuweza kumtazama. Levente akaanza kulia, na mimi nikajichukia kwa kushindwa hata kudanganya.

"Acha kulia. Inayofuata kwenye foleni ni ipi?" baba akamuuliza. "Ianzishe leo. Kwa tatu, kichwa maji wewe. Nitasubiri jibu."

Mashine ya Levente humaliza namba moja kwa majira mazima ya baridi. Daktari alikuwa ametuambia tusitegemee baba kuiona Krismasi. Levente akafuta uso kwa mkono wa koti, akatoa simu, akaianzisha namba hiyo palepale kwenye mashine ya nyumbani, baba akisoma kwa sauti kila tarakimu ya idadi ya mbili za kuzidishwa ili asikosee tena.