Suruali ya Kumzikia Wubbo

Gerlof Hamming alijua kuvaa kwa ajili ya mvua kuliko kuvaa kwa ajili ya harusi. Miaka yote aliyoendesha baiskeli na rafiki yake Wubbo kwenda kazini mjini Zwolle, Uholanzi, kanuni yao ilikuwa moja: mwilini vaa kidogo na chepesi, kinachokauka kabla kahawa haijapoa, nguo za heshima zikae begini. Wenzao walifika na majinzi yaliyolowa hadi magotini, wakanuka unyevu mpaka jioni. Wao wawili waliingia chooni na matope yao, wakatoka wamenyooka. Gerlof alijivunia hilo kupita kiasi, tuseme ukweli.

Wubbo alipofariki, mkewe Aleida alimpigia simu mwenyewe.

"Shemeji, utashika jeneza mbele, kulia. Alisema ni wewe, si mwingine."

Siku ya mazishi mvua ilipiga kwa ubavu. Mwingine angeita teksi, lakini Gerlof aliona kwenda kumzika Wubbo kwa teksi ni usaliti. Akavaa bukta, juu yake suruali ya mvua nyembamba kama ganda la kitunguu, ya kijani cha chura, akaondoka zake.

Alifika kabla ya watu. Akaegesha baiskeli nyuma ya ukumbi wa mazishi, akajifungia chooni, akavua, akafuta matope miguuni, akafungua begi. Shati jeupe, tai, koti jeusi, viatu. Akatia mkono mpaka chini, kisha akalikung'uta lote sakafuni. Suruali haikuwemo. Ilikuwa nyumbani, inaning'inia mlangoni, imepigwa pasi ikapigika.

Yeye, mwalimu wa wenzake kwa kufungasha! Alijaribu kuisugua ile ya kijani kwa taulo, ikazidi kung'aa.

Mlango ukagongwa. "Bwana Hamming? Wabebaji wanakusanyika." Alikuwa msimamizi wa mazishi.

Gerlof akashika kitasa kwa ndani.

"Gerlof hachelewi hata kwa mafuriko," ilisikika sauti ya Harm, kaka yake Wubbo. "Labda kaanguka njiani, maskini."

"Kuna mtu humu lakini."

"Mwache ajisaidie, bwana! Hata msibani?"

Neno moja lingetosha: jamani, sina suruali. Wangecheka kidogo, wangemwazima, au angebeba na chura wake vivyo hivyo. Mficha uchi hazai, lakini Gerlof aliuficha. Alikaa juu ya kifuniko cha choo na koti na tai na bukta, mtu mzima na mvi zake, akasikiliza nyayo za wabebaji zikipita upande wa pili wa ukuta, taratibu, kwa pamoja, hadi nje mvuani. Akalia kwa aibu, na hata kilio alikizuia kisisikike.

Watu waliporudi kutoka kaburini kunywa kahawa na kipande cha keki, alitokea mlango wa nyuma amevaa suruali yake ya mvua, kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Aleida alimwona akamjia mbio.

"Shemeji! Umepatwa na nini?"

"Pancha," alisema Gerlof. "Nimekokota baiskeli njia nzima."

Alishangaa jinsi uongo ulivyotoka laini.

"Njia nzima, na mvua hii?" Aleida akawageukia watu. "Mnamwona? Katembea kwa miguu kwa ajili ya Wubbo!" Mama yake Wubbo, ajuza wa miaka tisini, alimshika Gerlof shavu akambusu. Harm akamvulia koti lake la ndani, lililobaki kavu. "Vaa, ndugu yangu, utaugua."

"Na nafasi yangu?" Gerlof aliuliza. "Nani alishika?"

Aleida akajibu, "Msimamizi alitaka kuweka mtu wake. Nikamkatalia. Nilisema Gerlof akikosa, basi nitashika mimi." Akamwonyesha kiganja. Mshikio wa jeneza ulikuwa umeacha mstari mwekundu, na kidole kimoja kilikuwa kimevimba. "Mzito yule! Nilikaribia kumwangusha getini. Lakini usijilaumu. Pancha ni pancha."

Hapo ndipo Gerlof alipaswa kusema. Alifungua mdomo. Wote walikuwa wanamtazama kwa upendo, na Aleida alikuwa bado amenyoosha kile kiganja.

"Ahsante, shemeji," alisema, akapokea kipande cha pili cha keki.