Chapati ya Kuziba Mbingu

Kwetu hapa chini ya mlima Li, mbingu huchakaa kila mwaka kama suruali ya mchunga punda. Ndiyo maana siku ya ishirini ya mwezi wa kwanza, kila mama mwenye nyumba huoka chapati nyembamba akairusha juu ya paa kabla ya adhuhuri. Zamani mbingu ilipopasuka, yule Mama aliyetufinyanga kwa udongo aliyeyusha mawe akaiziba. Sisi mawe yale hatuna, tunaziba kwa unga wa ngano.

Mwaka ule niliteleza kwenye barafu nikavunjika mkono, na mkono wenyewe ndio wa kurushia. Mkwe wangu Myrsini, Mgiriki aliyeolewa na mwanangu Shouren, akaomba arushe yeye. Aliomba tangu sikukuu ya mwaka mpya. Kila akinimiminia chai, ananikumbusha. Nikakubali.

Jirani yangu Qiao, bibi mzee, aliposikia, alikuja na kigoda chake akaketi uani kwangu kama mtu aliyelipa kiingilio. Akasema mbingu yetu haiujui mkono wa mgeni, na chapati zikianguka, atarusha yeye kwa niaba yetu. Nilijua maana yake. Ukirushiwa na jirani, kijiji kitasema mwaka mzima kwamba nyumba ile haina mwanamke.

Chapati ya kwanza iligonga ukingo wa paa ikarudi, mbwa akaidaka hewani. Ya pili ikamwangukia Shouren kichwani, na watoto waliopanda ukutani wakacheka mpaka mmoja akaporomoka. Unga wa siku ile ni bakuli moja tu, hauongezwi. Ikabaki chapati moja, na jua lilikuwa karibu kufika utosini.

"Dada," Qiao akaniambia huku anakunja mikono ya koti, "niachie mie, kabla mbwa wako hajavimbiwa."

Myrsini alinigeukia mimi, akaniambia kwamba kwao husimuliwa jinsi mungu wao alivyowakasirikia watu akawazamisha wote kwa gharika, akabaki mzee mmoja na mkewe. Wakaambiwa waokote mawe, wayarushe nyuma yao bila kugeuka. Kila jiwe likawa mtu.

"Kwa nini wasigeuke?" nikamuuliza.

"Mama, ukitazama, unaanza kuona utakavyokosa."

Nikacheka. Kwao mbingu hukasirika, kwetu huchakaa. Kwao jiwe huzaa, kwetu jiwe huziba. Lakini binadamu ni yuleyule: dunia ikimharibikia, atalia kidogo, kisha atainama aokote kilicho karibu, akirushe.

"Basi rusha kama kwenu," nikamwambia.

Akaligeuzia paa mgongo. Akaitupa chapati juu ya bega lake, nayo ikapaa ikizunguka, upepo ukaichukua, ikavuka paa letu, ikavuka ukuta, ikatua juu ya paa la Qiao. Ikanata palepale.

Qiao aliinuka kwenye kigoda. Yake alikuwa hajairusha bado. Alikuwa ameiacha jikoni aje kututazama sisi. Akaliangalia paa lake, akamwangalia Myrsini, akaliangalia paa tena.

"Mbingu ya kwangu kaiziba huyu," akasema polepole. "Nikisema si mwanamke wa nyumba, basi hata kwangu hakuna mwanamke."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko, naye akicheka, huyo akakimbilia kwake, na umri ule, akarudi na chapati yake ingali ya moto. Akasimama kulikabili paa langu, mkono juu. Myrsini akamshika mabega, akamgeuza.

"Usitazame, shangazi."

Qiao akanung'unika kwamba yeye alikuwa anarusha chapati kabla mama yake Myrsini hajazaliwa. Lakini akafumba macho, akatupa. Ilitua kando ya bomba langu la moshi, na mbwa akakaa chini yake akiibwekea mpaka alasiri.