Sikio la Kufa Lapewa Tarumbeta

Nyumbani baba tulimwita Sikio la Kufa, kwa sababu akianza kuimba bafuni, hata mama mwenye subira zake alikimbilia kufungulia redio. Na ndiye huyohuyo aliyeshikilia nikasomee ualimu wa muziki! Mimi nilitaka upigaji: jukwaa, taa, tarumbeta yangu na watu wakinishangilia.

"Mwalimu hakosi kazi," aliniambia mwaka mzima.

"Na mimi sikosi usingizi kila ukisema hivyo, baba."

Mwishowe tukaafikiana nifanye usaili wa kozi zote mbili. Nikipita moja, ndiyo hiyo. Nikipita zote, atachagua yeye. Nikakubali upesi, maana nilishapanga kuuboronga ule wa ualimu.

Siku ya usaili baba alinisindikiza. Asubuhi nilipiga vizuri, nikapita. Mchana wasaili wakaniambia nimfundishe mtu asiyewahi kushika tarumbeta. Mmoja wao akachungulia nje, akamwita mzee aliyekuwa akisinzia kwenye benchi. Baba! Mungu akupe nini tena?

"Puliza tu, baba," nikamwambia, bila maelezo mengine.

Akapuliza. Mashavu yakavimba, macho yakamtoka, tarumbeta ikatoa upepo na mate. Wasaili wakaangua kicheko. Ndicho nilichokitaka. Lakini baba aliinamisha kichwa, akaanza kuifuta tarumbeta kwa shati lake, nami nikapandwa na hasira. Sisi tunamcheka kwa kuwa ni wetu. Wao ni nani?

"Acha kupuliza, baba. Fanya kama jani la chai limenasa kwenye ncha ya ulimi wako. Liteme. Bana midomo, tema tena."

Akatema, akatema, na alipokuwa akitema nikamwekea tarumbeta mdomoni. Ikatoka sauti moja, nene, safi.

"Ni mimi?" akanong'ona.

"Ni wewe, baba."

Nilifurahi kuliko nilivyofurahi asubuhi, na jambo hilo likanikera sana. Nikapita na huo pia. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Tulipotoka, baba akakohoa. "Kuchagua ni kwangu, au sivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi chukua upigaji wako. Nimechoka kubishana."

Nilipaswa kurukaruka. Badala yake nikajikuta nimemshika mkono.

"Ngoja kwanza, baba. Huo ualimu nao... hebu tuufikirie."

Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Haya, mwanangu, sasa sikio la kufa ni la nani?"