Moyo wa Namba 214

Dakta Ikhlas Talha alikuwa na picha mbili alizozipenda kuliko picha za harusi yake, na harusi yake ilipigwa picha vizuri tu. Zote mbili zilikuwa za moyo wa mwanamke mmoja wa Bofu, zilizopigwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ya pili mwaka mmoja baada ya ya kwanza. Katika ile ya kwanza, mlango mdogo unaotenganisha vyumba viwili vya upande wa kushoto ulikuwa umekakamaa, damu ikipenya kwa tabu. Katika ile ya pili, mlango ulifunguka na kujifunga kama wa msichana ambaye hajawahi kuugua hata mafua.

Picha hizo zilimpeleka Nairobi, zikampeleka Cape Town, na kote huko watu wazima walisimama wakampigia makofi. Miaka kumi na tisa alikuwa akiuandama ugonjwa huo, ule unaoanza na homa ya koo ya utotoni iliyopuuzwa, ukajificha, ukamzukia mtu akiwa tayari mama wa watoto. Miaka kumi na tisa ya kusoma mioyo inayochakaa. Basi alipopata mmoja uliorudi kutoka ukingoni, aliupokea kwa mikono miwili na hakuuliza umetokea wapi.

Utafiti wake haukuruhusu majina. Kila mwanamke alikuwa namba, ili anayesoma picha asije akampendelea mtu. Nduku, mtaalamu wa mashine, alizipiga picha nyuma ya pazia, na Ikhlas alipelekewa namba na moyo, basi. Tena kulikuwa na sharti alilolitunga mwenyewe na kujivunia sana: asiyefika siku yake ya picha, hata awe na udhuru gani, anafutwa, na sindano za kila mwezi za kuulinda moyo anajitafutia kwingine. Bila ukali, alizoea kusema, utafiti hugeuka kuwa baraza la kahawa.

Jumanne hiyo asubuhi, ofisini kwake Kisauni, alikuwa akizikuza picha zake mbili kwa ajili ya mkutano wa wiki iliyofuata. Alitaka zijae ukuta mzima. Alipoikuza ile ya pili, akaona uzi.

Ulikuwa uzi mwembamba mweupe, umekatiza chumba cha chini cha kushoto kutoka ukuta hadi ukuta. Haudhuru kitu. Watu wengi wanao na hufa wazee bila kujua. Ila uzi huo mtu huzaliwa nao, haumei ukubwani. Ikhlas akairudia picha ya kwanza. Hakuna uzi. Akajiambia ni pembe ya mashine, akafungua picha nyingine za siku ile ya kwanza, moja baada ya nyingine, zote kumi na mbili. Chumba kilikuwa cheusi kitupu, hakina hata unywele. 

"Nduku! Hebu njoo. Namba 214, siku ya picha ya pili, unamkumbuka?"

Nduku akaja akifuta mikono. "Daktari, siku ile nilipiga wamama thelathini na nane. Namba nilitoa kwa kadi. Kadi ilikuwa yake."

"Na uso?"

"Alikuwa amefunika. Mimi napiga kifua, daktari. Uso ningemfungulisha wa nini?"

Ikhlas akainuka. Daftari la majina lilikuwa kabatini, na kulifungua bila idhini ya kamati ya maadili ni kosa kubwa ambalo Ikhlas alishamfukuzia mtu kazi. Alilifungua. Namba 214, Barke Mbarak, miaka ishirini na tisa, Bofu, ng'ambo ya feri. Nyuma ya jina kulikuwa na nakala ya barua, na barua aliiandika yeye: mlango wa moyo umepona, dawa za kupunguza maji mwilini ziachwe, hakuna haja ya picha nyingine, na katazo la kubeba mimba alilowekewa mwanzoni limeondolewa. Sahihi yake ilikuwa kubwa, ya mtu aliyefurahi.

Akapiga ile simu iliyoandikwa chini ya jina. Ilipokewa na mama yake Barke, Mama Mwanasaumu.

"Shikamoo, mama. Ni Daktari Ikhlas, wa moyo."

"Marahaba, mwanangu! Wallahi umepiga siku ya kheri. Barke uchungu umemshika tangu alfajiri. Tumempeleka kwa mkunga, zahanati ya hapa hapa Bofu. Mimi nimerudi nyumbani mara moja."

Ikhlas akakaa chini. "Barke ana mimba?"

"Ee! Aliolewa tena baada ya eda, na Mungu akajaalia. Si mulituandikia wenyewe kwamba amepona?"

"Mama Mwanasaumu, nakuomba uniambie kweli. Siku ya picha ya pili, ni Barke aliyekuja?"

Mama akashusha sauti.

"Barke alikuwa ndani ya eda, mwanangu. Mumewe wa kwanza hata mwezi hajatimiza kaburini. Mjane atoke, avuke feri, apite mjini mpaka Kisauni, watu wamuone? Nanyi mulisema asiyefika anafutwa. Hatukutaka kukuvunjia heshima. Nikampa Jalila kadi, mdogo wake, akaenda badala yake." Sauti ya mama ikawa ya kubembeleza. "Kuna ubaya gani? Baba mmoja, mama mmoja. Damu yao si ni moja?"

Ikhlas alitaka kupiga kelele, lakini angempigia nani? Sheikh yeyote angemruhusu mgonjwa atoke edani kwenda kutibiwa. Hakuna aliyemuuliza sheikh. Daktari yeyote angempa mjane miezi minne na siku kumi zake. Hakuna aliyemuomba daktari, kwa kuwa daktari alishasema hataki udhuru.

"Mama, nisikilize. Rudi zahanati sasa hivi. Mwambie mkunga asimtundikie maji ya mshipani, na Barke asilale chali. Akae kitako. Nakuja."

"Nitawaambia, inshallah," akasema mama, kwa sauti ya mtu asiyeelewa haraka ya nini.

Simu ya zahanati iliita, haikupokewa. Gari la wagonjwa la upande wa kisiwani walisema litavuka. Ikhlas alivuka daraja la Nyali, akakatiza mji mzima akipiga honi hovyo, yeye aliyekuwa akiwatukana wapiga honi, na alipouona msururu wa magari ya kungoja feri akaliacha gari lake kando ya barabara na kujitosa katika kundi la waendao kwa miguu. Feri ilikuwa imejaa na ilikwenda kwa mwendo wake ule ule wa siku zote.

Alisimama amebanwa na mabega ya watu, na hesabu aliyokuwa akiwafundisha wanafunzi ikawa inajirudia kichwani. Mimba huzidisha damu. Mlango uliokakamaa huipitisha damu kwa shida, mapafu yakaanza kulowa, mama akakosa pumzi, na nyumbani wakasema ni uzito wa mtoto. Uchungu wenyewe ni hatari. Ila hatari kubwa huja mtoto akishatoka, pale tumbo la uzazi linaponywea na kuirudisha damu yote iliyokuwa humo, kwa mkupuo mmoja, kwenye moyo usioweza kuipitisha. Saa ambayo watu wote hushusha pumzi ndiyo saa yenyewe. Aliomba Barke awe bado ana uchungu. Hakuwahi kumuombea mwanamke jambo kama hilo.

Tuk-tuk ilipokata kona ya zahanati, alisikia vigelegele. Aliruka chini kabla haijasimama.

Mkunga, Valarie, mwanamke mnene mwenye uso wa bashasha, aliyemfahamu Ikhlas kwa mafunzo ya wakunga, alikutana naye mlangoni. "Daktari, umechelewa, tumeshamaliza! Msichana. Mama na mtoto wako salama kabisa."

Barke alikuwa amelala chali kitandani, mtoto kifuani, na juu yake ulining'inia mfuko wa maji ya chumvi uliokwisha nusu. Jalila alikuwa kando yake akimpepea kwa ncha ya leso. Mama hakuwa amefika. Ikhlas aliukimbilia ule mpira wa maji akaufunga, na chumba kizima kikamkodolea macho.

"Muinueni! Akae, miguu ining'inie chini. Valarie, oksijeni, na sindano ya kutoa maji, upesi."

Valarie hakuuliza, ni haki yake isemwe. Aliuona uso wa Ikhlas akakimbia.

"Daktari wangu," Barke akasema, akicheka kidogo, midomo yake imeanza kuwa ya rangi ya majivu. "Mbona una hofu? Si uliniambia nimepona?"

Akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo cha heshima, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kusalimia. Ikhlas alimshika mkono, na mapigo aliyoyakuta chini ya vidole yalikuwa yakikimbia ovyo, bila mpango. Barke akakohoa tena, na Jalila akampangusa mdomo. Leso ikaja na povu la rangi ya waridi.

Jalila akalitazama lile povu, akamtazama Ikhlas. "Ile picha ilikuwa ya moyo wangu," akasema.

"Najua."

Sindano ilipigwa. Oksijeni ilifunguliwa, ikavuma. Ikhlas alifanya yote anayoyajua, na anajua mengi kuliko karibu kila mtu katika pwani hii, lakini mlango ule ulitaka kufunguliwa hospitalini miezi mingi nyuma, kabla mtu hajaandika barua. Barke alipigania pumzi kama mtu anayezama akiwa nchi kavu. Alipoweza kusema, alisema neno moja tu, "Mtoto," na Jalila akampokea mtoto kabla mikono haijamwachia. Uani, wanawake ambao hawajapata habari walikuwa bado wanapiga vigelegele. Barke alikata roho katikati ya sauti hiyo.

Ikhlas alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alijiona mdogo, mwovu, na mchovu kupita kiasi. Gari la wagonjwa lilikuwa halijatoka kwenye feri.

"Ningekataa kwenda, mungemfuta," Jalila akasema. Hakuwa akilia bado. Alikuwa akiuliza kweli, akimtikisa mtoto begani. "Nimekwenda, amekufa. Nilitakiwa nifanye nini, daktari?"

"Wewe hukukosa," Ikhlas akasema. "Niliona moyo mzima nikafurahi. Sikuuliza ni wa nani."

Mlango ukasukumwa. Mama Mwanasaumu akaingia na bakuli la uji wa pilipili manga, amelifunika kwa sahani lisipoe, uso wake unang'aa. Akamuona mjukuu, akamuona binti yake ameegemea mto macho yamefumba, akatembea kwa ncha za vidole.

"Mwacheni alale," akanong'ona. "Amechoka, mwanangu."

Valarie akageuka akautazama ukuta. Jalila akamtazama daktari. Ikhlas akasimama, akamwendea yule mama, na kwanza akampokea lile bakuli lisije likamuunguza.