Mstari Usioshika Theluji

Verna Niskala aligombana na fundi wake kuhusu mabomba, na kama fundi mwenyewe asingekuwa shemeji yake, angemfukuza.

“Shemeji, boila la nje si jiko la chai,” Arvid alisema, ameinama kwenye mtaro. “Kuni zinachemsha maji huku uani, maji yanapita chini ya ardhi mpaka ndani. Bomba lisipovikwa vizuri, joto lote linaishia udongoni. Utakuwa unawapikia minyoo!”

“Reino aliyanunua haya.”

“Kaka yangu kwa kupenda vya rahisi hakuwa na mpinzani.”

Papo hapo Arvid akaujutia ulimi wake. Machi iliyopita Reino alikwenda kuvua samaki juu ya barafu, kwenye ziwa lililo chini ya shamba, na barafu ikampasukia. Walimtafuta wiki tatu. Haikuonekana hata glavu. Mabomba yale aliyaacha ghalani, na Verna alishikilia kwamba yatatumika hayo hayo ama hakuna kazi.

Yakatumika. Boila lilikuwa na jozi mbili za matundu, kila jozi tundu la kupeleka maji na la kuyarudisha, moja ya nyumba na nyingine ya akiba. Arvid aliunga ya nyumba, na ile ya akiba akaiziba kwa vifuniko vya shaba, akavikaza mpaka uso ukamwiva.

Theluji ya kwanza ilianguka Novemba. Huku Michigan ya kaskazini kila mtu anajua kuwa bomba baya hujichora lenyewe, kwa sababu theluji iliyo juu yake huyeyuka. Asubuhi hiyo Verna alitoka na toroli la kuni, amejiandaa kuchekwa. Lakini kati ya boila na nyumba theluji ilikuwa nzima. Mstari wa udongo mtupu, mpana kama ubao, ulianzia upande wa pili, penye vifuniko, ukashuka hatua ishirini kuelekea ziwani.

Arvid alikuja akachimba. Hapakuwa na bomba, ila udongo wa moto uliofuka mvuke. Vifuniko vilikuwa vikavu, vimekaza vilevile. Nyumbani Verna alikuwa analala na koti.

Kila kulipokucha mstari ulikuwa umesonga. Ulipofika kwenye mti wa tufaha ulipinda, ukauzunguka, ukarudi njiani. Reino ndiye aliyepita hivyo maisha yake yote, kwa kuogopa matawi yasimwangushe kofia. Arvid alipouona ule mzunguko alikaa chini kwenye theluji.

“Lizime hili dude, shemeji. Njoo ukae kwetu. Nyumba inapoa, na wewe unapoa nayo. Mimi naogopa, sikufichi.”

“Miaka thelathini na moja alikuwa ananigandishia mgongo kwa miguu yake,” Verna alisema. “Hakuna kitu alichokichukia kama baridi. Namtaka, Arvid. Sijali anakuja vipi.”

Akaongeza kuni za mwaloni, zile zinazokaa na moto.

Siku ya tisa mstari uliingia ziwani, na barafu ya pale ikafunguka kama mdomo wa kisima. Kesho yake Verna aliamka akitokwa jasho. Nyumba nzima ilikuwa na joto. Arvid alifika na gari kumchukua, akamkuta uani kichwa wazi, anatazama chini.

Palikuwa na mstari wa pili. Ulikuwa ubavuni mwa ule wa kwanza, shibiri moja kati yao, nao ulikuwa unapanda kutoka ziwani. Ulikuwa umeshauzunguka mti wa tufaha.

“Maji yakienda lazima yarudi,” Arvid alisema polepole, kifundi kabisa, kisha akarudi nyuma hatua moja. “Kesho utakuwa mlangoni.”

“Leo,” Verna alisema.

Walipokuwa wanatazama, theluji mbele ya mstari ilititia, ikafuata nyingine. Arvid aliirukia koki ya kutolea maji ya boila. Nusu mzunguko tu, na boila lingekufa.

Verna hakumzuia. Aliingia ndani, akaacha mlango wazi. Kupitia dirishani Arvid alimwona akitoa kwenye droo soksi za sufu za Reino, akizitandaza juu ya bomba la joto, na kuzigeuza upande wa pili zipate moto.

Alikuwa kaka yake pia. Arvid akaiachia koki.